Krismasi ya kwanza ukweni, na wakwe hawavai nguo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa Lushoto niliyeolewa Ufaransa. Ndoa tulifunga mwezi wa sita mwaka huu, na tunaishi Bordeaux. Wakwe zangu niliwaona harusini, na baada ya hapo wamekuja kututembelea mjini. Ni watu wastaarabu. Mama mkwe ananipenda waziwazi, nami nampenda.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapanga sikukuu, mume wangu akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba wazazi wake ni wanaturisti. Wakiwa nyumbani kwao hukaa uchi. Baba, mama, dada yake na shemeji, wote. Yeye mwenyewe amekulia humo. Majira ya joto huenda kwenye vijiji vya wanaturisti pwani ya Atlantiki, na baridi ikija hujifungia ndani, huwasha moto na kuendelea vilevile. Krismasi nayo ni hivyohivyo.

Tumealikwa nyumbani kwao Médoc, mashambani kaskazini mwa Bordeaux, kuanzia tarehe 23 Desemba mpaka baada ya mwaka mpya. Usiku wa tarehe 24 wanakaa mezani saa nyingi: chaza, maini ya bata, bata mzinga, na ile keki yao yenye umbo la gogo. Tarehe 31 wanachama wenzao wamekodi bwawa la kuogelea la ndani, lenye sauna, na wataogelea hadi karibu na saa sita ya usiku.

Shangazi, kwetu Krismasi ni siku ya nguo mpya. Baba yangu ni mkulima wa mboga, na hata mwaka ambao mvua ilimharibia kila kitu hakukosa kutununulia nguo za sikukuu. Tulikuwa tunaamka alfajiri kuzivaa, tunakwenda kanisani tukiwa tunanukia dukani. Mpaka leo sijui Krismasi nyingine. Na mkwe! Kwetu hata kumkuta baba mkwe akitoka kuoga na taulo kiunoni ni jambo la kugeuza njia. Sasa nikae naye meza moja akikata bata mzinga hivyo alivyozaliwa, nitazame wapi?

Mume wangu anasema hakuna atakayenilazimisha, lakini hapohapo anaongeza kwamba nikikaa nimevaa peke yangu nitawafanya wengine wajione vibaya. Rafiki yangu wa Mombasa, tuliyekutana hapa, ananiambia ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho, nivue tu yaishe. Mwingine ananiambia huo ni uhuni uliopewa jina zuri, nisikanyage.

Na kuna mama yangu. Ni kiongozi wa wanawake usharikani, na kila Krismasi hupiga simu ya video kuwasalimia watu wote wa nyumba nilipo. Mwaka huu amekwisha niambia ana hamu ya kuwatakia heri wakwe zake.

Nifanye nini, Shangazi? Ndoa yangu bado changa, sitaki kuianza kwa kukataa mwaliko wa kwanza. Na kuvua siwezi.

Binti wa Lushoto, Bordeaux

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Nenda ukweni, na nenda umevaa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja vizuri kabisa, na nadhani wazazi wa mumeo wanalijua hilo kuliko yeye.

Nasema hivi kwa sababu unaturisti una msingi ulioandikwa, na wenyewe wanaujali. Mwaka 1974 shirikisho lao la kimataifa lilikutana Cap d'Agde, kusini mwa Ufaransa, likaeleza jambo lenyewe ni nini: ni namna ya kuishi kwa kupatana na maumbile, watu wakiwa uchi pamoja, kwa nia ya kukuza kujiheshimu, kuwaheshimu wengine na kuyaheshimu mazingira. Tazama kilichotajwa kwanza. Mtu anayevua huku roho yake inakataa, kwa kuogopa tu kuonekana mshamba, hajajiheshimu. Na aliyemsukuma afanye hivyo hajamheshimu mwenzake. Kwa hiyo ukiketi kwenye sofa ya mama mkwe na gauni lako, hujavunja sheria yoyote ya nyumba ile. Atakayekushinikiza uvue ndiye atakuwa ameivunja.

Ile methali ya rafiki yako naijua na naipenda. Inafaa kwa mambo ya mezani, ya saa za kulala, ya kunywa kahawa bila maziwa kwa sababu nyumba haina. Mwili wako haumo katika hayo. Mgeni huombwa avue viatu mlangoni, na hapo ndipo ombi la mwenyeji linapoishia.

Sasa mumeo. Sijapendezwa naye hata kidogo. Amekuchumbia, amekuoa, wazazi wake wamekuja kula kwako, na muda wote huo hakupata nafasi ya kukueleza desturi ya nyumbani kwao mpaka mwaliko ulipokuwa tayari mezani? Kisha anakwambia u huru, lakini ukiutumia uhuru huo utawaumiza watu. Hayo si maneno ya baba yake, ni hofu yake mwenyewe. Amekaa kati ya nyumba mbili anazozipenda na anataka wewe ndiye ulipe gharama ya kuziunganisha. Mwambie hivyo, kwa upole lakini bila kupunguza. Halafu mpe kazi yake: apige simu kwao, azungumze na wazazi wote wawili, aseme, “Mke wangu atakuja, atakuwa amevaa wakati wote, na kwao mkwe wa kike hamwoni baba mkwe bila nguo.” Hili si la kusema wewe. Ukilisema wewe litasikika kama malalamiko ya mgeni. Likisemwa na mtoto wao ni taarifa kuhusu mke wake, na mzazi yeyote mwenye busara ataipokea.

Yule rafiki wa pili, anayesema ni uhuni, naye asikutishe. Ukiwafikiria hivyo wakwe zako hutaweza kula chaza zao kwa amani. Chimbuko la mambo haya Ufaransa ni tiba na hewa safi. Mwaka 1931 ndugu wawili, Gaston na André Durville, wote madaktari, walianzisha kijiji cha Héliopolis kwenye kisiwa cha Levant, kwa imani kwamba jua, hewa na chakula chepesi vinajenga mwili kuliko vyumba vilivyofungwa. Baada ya vita, mwaka 1950, Albert Lecocq na mkewe Christine wakafungua kambi ya Montalivet, hukohuko Médoc kwa wakwe zako, katikati ya misonobari na mchanga. Ilikuwa kambi ya familia, watu wenye mahema wakitafuta mapumziko ya bei nafuu. Shirikisho la Ufaransa lilizaliwa mwaka huohuo wa 1950, na lile la kimataifa likaanzishwa Montalivet mwaka 1953. Kwa hiyo Médoc si mahali pa pembeni katika historia hii. Mtu wa umri wa baba mkwe wako aliyekulia maeneo hayo huenda aliona watu wazima wakinunua mkate bila nguo akiwa mdogo sana, na kwake hilo halina habari yoyote ndani yake.

Sheria nayo inatofautisha. Kifungu cha 222-32 cha kanuni ya adhabu ya Ufaransa kinaadhibu kuwaonyesha watu tendo au hali ya kingono mahali wanapoweza kuona, hadi kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 15,000. Tangu mwaka 2021 kimefafanuliwa zaidi: kosa linaweza kuwepo hata kama hakuna sehemu ya mwili iliyo wazi. Maana yake wanachotazama ni tendo. Familia inayokula ndani ya nyumba yake, mapazia yamefungwa, haimkosei mtu. Sitakuficha kwamba zipo sehemu, na Cap d'Agde yenyewe ni mojawapo, ambako starehe za usiku za watu wazima zimechanganyika na jina hili. Wanaturisti wa zamani wanachukizwa na mchanganyiko huo kuliko wewe. Mama mkwe akisikia umemfikiria hivyo ataumia, na atakuwa na haki ya kuumia.

Tuje kwenye siku zenyewe, maana nadhani unachoona akilini ni kibaya kuliko kitakachokuwepo.

Desemba ya Bordeaux na Médoc ni baridi yenye unyevu. Mchana joto likifika nyuzi 10 watu wanashukuru. Serikali yenyewe inahimiza nyumba zipashwe joto hadi nyuzi 19 tu, na kwa nyuzi 19 hakuna mtu anayekaa saa tano mezani bila kitu mwilini. Wanaturisti wana msemo kwamba wako uchi inapowezekana na wamevaa inapohitajika, na majira ya baridi hiyo sehemu ya pili ina kazi nyingi. Utaona soksi za sufu, ndara nene, sweta lililotupwa mabegani. Kuni zikiletwa kutoka nje, aliyezileta amevaa koti na buti. Anayefungua chaza ana aproni na glavu nzito, kwa kuwa kile kisu kikiteleza hakina huruma. Aliye kwenye jiko la mafuta ya moto amejifunika. Wako pia wanaovaa kwa hiari usiku wa tarehe 24, kwa sababu hata wao wanaiona meza ile kuwa ya heshima ya pekee. Kwa hiyo hutakuwa mtu pekee mwenye kitambaa mwilini katika nyumba nzima, na picha hiyo ya wewe peke yako katikati ya watu uchi iondoe kichwani.

Jambo moja la lazima utalikuta: kila mtu hukalia taulo lake. Ni usafi, na ni sheria wanayoisimamia kwa ukali. Wewe uliyevaa halikuhusu, ila usikalie taulo la mwenzio wala usilihamishe kutoka kwenye kiti, maana kwa kawaida lina maana kwamba kiti kina mwenyewe.

Sasa baba mkwe. Hapa sitakwambia ujizoeze. Wapo watakaokushauri utazame machoni tu, na ni kweli kwamba wao kwa wao ndivyo wanavyofanya. Kumpima mtu kwa macho ni utovu wa adabu mkubwa kwao. Lakini staha ya mkwe uliyolelewa nayo ni jambo la uzito, nawe una haki ya kuja nayo kama ulivyo. Ombi langu ni hili: mumeo akipiga simu ile, aombe baba yake ajifunge kitu kiunoni wakati wa kusalimiana na wakati wa chakula. Basi. Usiombe nyumba nzima ivae siku zote kumi, maana hapo utakuwa umefanya lilelile unaloogopa kufanyiwa, kuwapangia watu miili yao ndani ya nyumba yao. Ukiingia sebuleni mchana ukamkuta anasoma gazeti bila nguo, pita jikoni, ana haki ya gazeti lake.

Na hapa Tanga na Mombasa zinakusaidia. Wanaturisti wa Kifaransa wana kitambaa wanachokiita pareo, cha kujifunga kiunoni au kifuani jioni, wanapokwenda mgahawani au hewa inapopoa. Khanga inafanya kazi hiyohiyo. Peleka doti kadhaa kama zawadi ya Krismasi, moja kwa kila mmoja, na umpe baba mkwe ya kwake mapema tarehe 23, mkiwa bado mnateremsha mizigo. Mfundishe mama mkwe namna ya kuifunga isidondoke. Naamini atafurahi, na utakuwa umetoa ombi lako kwa mikono badala ya mdomo. Ile simu ya mumeo lakini ibaki palepale, khanga isije ikamfanya aikwepe.

Kuhusu nguo zako za sikukuu: nunua gauni. Au shonesha kitenge, kama una fundi. Usiende na nguo za unyonge za kujificha, suruali ya kijivu na sweta kubwa, kana kwamba unaomba radhi kwa kuwa na nguo. Alfajiri ya tarehe 25 amka, oga, vaa, nenda ibadani. Mumeo akusindikize, Médoc si mjini, kanisa linaweza kuwa mbali na ibada za Kiprotestanti vijijini ni chache, kwa hiyo mtafute mapema saa na mahali. Mama mkwe akikuuliza kwa nini umependeza hivyo, mwambie habari za baba yako na ule mwaka wa mvua mbaya. Ameshakuonyesha Krismasi ya kwao. Naye ana haki ya kuijua ya kwenu, na hakuna namna nzuri ya kumwonyesha kuliko hiyo.

Simu ya mama yako ndiyo rahisi kuliko zote, na nashangaa imekutisha. Kwa wanaturisti kamera ni mwiko. Hakuna anayeinua simu sebuleni na kuanza kurekodi, na ukifanya hivyo utafukuza watu wote chumbani kwa sekunde moja. Kwa hiyo mwambie mama mkwe siku moja kabla: mama yangu atapiga saa fulani, angependa kuwasalimia. Watavaa. Watu hawa huvaa kila siku kwenda kazini, dukani na kwa daktari; hawatashindwa kuvaa kwa salamu za dakika kumi na mzazi mwenzao. Pokea simu ukiwa chumbani, wakiwa tayari ndipo utoke. Je, umweleze mama yako? Si lazima, na kutomweleza si kumdanganya. Desturi za chumbani na sebuleni kwa wakwe ni siri yao kabla ya kuwa habari yako, na usharika una masikio mengi.

Sasa tarehe 31, na hapa nabadilisha sauti kidogo. Nyumbani unaweza kuvaa. Bwawani haiwi hivyo. Vyama vya wanaturisti Ufaransa, hata katika miji mikubwa kama Paris, huishi majira ya baridi kwa kukodi mabwawa ya ndani saa za usiku, na kwenye vipindi hivyo mara nyingi vazi la kuogelea haliruhusiwi kabisa majini. Sababu yao inaeleweka: mahali ambapo wote wako uchi, anayekaa pembeni amevaa anaonekana mtazamaji, na wametafuta mahali hapo ili wasitazamwe. Kwa hiyo usiende ukakae kwenye benchi na koti lako ukiwasubiri. Hilo kweli litawafanya wajione vibaya, na hapo mumeo angekuwa amesema kweli. Usiende kabisa. Mwache yeye aende na wazazi wake, ni usiku wao wa miaka mingi na hana sababu ya kuuacha. Wewe baki nyumbani, pika. Wakirudi saa sita kasoro wakiwa na njaa na nywele mbichi, wakute pilau. Na kama hutaki kubaki peke yako katika nyumba ya mashambani usiku wa mwaka mpya, sema sasa, apange kubaki nawe.

Jiandae na jambo moja ambalo hukulitaja. Saa sita ya usiku Wafaransa hutakiana heri kwa kubusiana mashavuni, mara nyingi chini ya tawi la gui, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kuning'inizwa mlangoni wakati huu. Kila mtu hupita kwa kila mtu. Kwa usiku ule, kama wameshatoka bwawani, watakuwa wamevaa makoti kwa sababu ya safari. Lakini kama kuna mtu hajavaa na hutaki kumsogelea hivyo, wahi kunyoosha mkono, tabasamu, sema “bonne année” kwa sauti ya furaha. Mkono ulionyooshwa mapema haumkosei mtu.

Siku kumi ni nyingi kwa mara ya kwanza. Ningekuwa wewe ningekubali tarehe 23 hadi 27, nirudi Bordeaux, kisha niamue juu ya mwaka mpya baada ya kuona. Mpeni mama mkwe taarifa hiyo kabla hajaagiza chaza, maana huagizwa kwa dazani na kwa idadi ya watu. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba baada ya simu ya mumeo jibu likawa kwamba kwao haingii mtu aliyevaa, basi kodisheni chumba kijiji cha jirani, waalikeni wazazi mgahawani mchana wa tarehe 25, na yule atakayewaeleza sababu awe mtoto wao.

Zungumza naye wiki hii, jioni mkiwa mmeshakula, simu zenu zikiwa mbali. Mwonyeshe barua hii kama itakusaidia kuanza.

Shangazi